Mkia wa Akrabu

Sebuleni kwa dada yangu, Tabata, kuna saa ya ukutani yenye umbo la bara la Afrika. Unaijua saa hiyo. Kama huna kwako, anayo shangazi yako, au uliiona mapokezi siku uliyopeleka barua ya kuomba kazi. Ubao wa mninga umekatwa kwa kufuata pwani yote, ukapigwa msasa na vanishi mpaka ukang'aa, na katikati, jirani na mto Kongo, pametobolewa tundu linalotoa mishale miwili myembamba ya bati. Nimeinywea chai saa ile kwa miaka. Halafu Jumapili moja umeme ulikatika, televisheni ikanyamaza, na kwa kukosa la kutazama nikaanza kuisoma kama ramani.

Kumi na mbili ipo Libya. Tatu ipo Mogadishu. Tano ipo Maputo, na sita ipo kule chini, upande wa Cape Town. Shida ni saba, nane na tisa. Upande ule bara limeingia ndani, kwa hiyo ukizungusha duara kutoka Kongo namba hizo tatu zinaangukia Atlantiki, na pale hakuna ubao wa kuzibandika. Fundi aliziacha. Maana yake ni kwamba saa moja, saa mbili na saa tatu asubuhi, ule muda wa daladala kujaa, kengele ya shule kulia na bosi kutazama mlangoni, katika saa ya dada zimezama baharini.

Nilipomwonyesha alicheka, kisha akaniuliza swali ambalo siku ile sikulijibu: "Sasa mbona siku zote tunaisoma vizuri?"

Kwa vile nimeanza kwa kuisema kazi ya mtu, ni haki nitaje na yangu. Mimi natengeneza saa. Si fundi saa wa kukaa barazani na kioo jichoni akifungua saa za watu. Natengeneza saa za mbao, za ukutani na za mezani, moja moja, kwa mkono, na ninauza mwenyewe. Nilianza 2021 nyuma ya karakana ya samani Keko, ambako mabaki ya mninga na mkongo yalikuwa yakichomwa moto, nikaona kuyaacha ni dhambi. Saa yangu ya kwanza ilikuwa mtumbwi. Ya pili mbuyu. Ya tatu uso wa mwanamke, na mishale ikatokea kwenye paji lake kama mtu aliyechomwa mkuki. Watu walizipenda mtandaoni, wachache wakanunua, na karibu wote waliuliza swali moja: inatumia betri gani?

Swali hilo lilikuwa likiniudhi. Leo naona ndio uhakiki mzuri kuliko wote nilioupata. Mteja alikuwa akiuliza kwa adabu: ndani ya huu mbuyu, saa iko wapi? Na jibu la kweli lilikuwa kwamba iko nyuma, kwenye kiboksi cheusi cha plastiki kinachoenea kiganjani, nilichokinunua Kariakoo kwa bei ya sahani mbili za chipsi. Ndani ya kiboksi hicho kuna kipande kidogo cha jiwe la kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuchaguliwa ovyo. Igawe kwa mbili, ugawe tena, mara 15, unabaki na moja. Na hiyo moja ndiyo mpigo wa sekunde unaousikia usiku nyumba ikilala. Ni kazi ya akili kubwa, ila haikuwa kazi yangu. Nilikuwa kama fundi cherehani aliyemshonea mtoto kanzu halafu akajitangaza kuwa baba.

Hapo ndipo mbuyu wangu na Afrika ya dada zinapokuwa ndugu. Wakati umebandikwa kwenye umbo. Toa mashine, mbuyu unabaki mbuyu na Afrika inabaki Afrika. Hakuna kilichopungua, limebaki tundu tu. Sisemi mchongaji wa vinyago pale Mwenge amekosea. Anajua mgeni ana sanduku lenye kilo zake na anataka kitu atakachopata sababu ya kukitundika akifika kwao, na saa inampa sababu. Ni biashara safi. Lakini mtu anayejiita mbunifu wa saa, anayepandisha bei kwa kulitaja neno sanaa, anadaiwa zaidi ya hapo.

Nikaamua angalau mishale niichonge mwenyewe. Nilichonga wa dakika kwa mninga, urefu wa sentimita 22, umbo la unyoya wa kunguru, nikautundika, nikautazama ukianza safari, nikaenda kula. Niliporudi ulikuwa umesimama kwenye tisa. Nikabadilisha betri. Ukatembea, ukashuka upande wa kulia vizuri kabisa, ukapita sita, ukaanza kupanda upande wa kushoto, ukafika kwenye tisa ukagoma. Nikatengeneza saa nyingine, nikadhani mashine ni mbovu. Nayo hivyo hivyo. Ikafika wakati nina saa tatu chumbani, moja inasema saa nne kasorobo, ya pili saa nane kasorobo, ya tatu saa kumi na moja kasorobo, na katika zote mshale wa sekunde ukitikisika pale pale kama mtu anayesukuma gari lililozama mchangani.

Ukifikiri utaona kwa nini ni kasorobo na si pengine. Mshale ukishuka kutoka kumi na mbili kwenda sita, uzito wake unausaidia. Tena ukishavuka kumi na mbili huanguka kidogo mbele, kwa sababu meno ya plastiki yana nafasi baina yao. Ukipanda kutoka sita kurudi juu, mashine inalazimika kuubeba. Na mzigo huwa mkubwa kuliko wote pale mshale unapolala sawasawa na ardhi, kama ndoo unayoishika kwa mkono ulionyooka pembeni. Pale panaitwa kasorobo. Kiboksi kile kimetengenezwa kizungushe bati jembamba, si mninga wa Tabora.

Nilikwenda Kariakoo kwa mzee mmoja fundi saa, mwenye meza ya kioo isiyozidi upana wa sinia, nikiwa na nia ya kuulizia mashine yenye nguvu zaidi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Imekufa?"

"Haijafa. Inakwama kila kasorobo."

Hakuitazama mashine. Aliuchomoa mshale wangu, akautia kwenye ncha ya bisibisi nyembamba kupitia tundu lake, akauachia. Unyoya wa kunguru ukaanguka ukaning'inia kichwa chini. Akaurudisha juu, ukaanguka tena. Alifanya hivyo mara tatu bila kusema neno, kama mwalimu anayemsubiri mtoto aone mwenyewe, kisha akasema, "Mwanangu, akrabu yako haina mkia. Nge asiye na mkia ni mdudu gani?"

Neno akrabu nilikuwa nalijua kutoka kamusini tu. Kizazi changu tunasema mishale. Lakini wazee wa pwani husema akrabu ya saa, na kwa Kiarabu akrabu ni nge. Aliyelipa jina lile alikuwa ameitazama saa vizuri: chombo kirefu chembamba, kina kichwa upande mmoja na mkia upande wa pili wa kitovu, na mkia ule haupo kwa ajili ya pambo. Ni mizani. Ukiweka uzito wa kutosha nyuma ya tundu, akrabu haipandi wala haishuki. Inazunguka tu, na mashine dhaifu kuliko zote inaweza kuizungusha.

Nilinunua chubwi, ile risasi ya mshipi wa kuvulia, nikaipasua, nikachonga mkia mfupi nikauficha uzito ndani yake. Ukiwa mfupi unahitaji risasi nyingi, ukiwa mrefu unahitaji kidogo, nilijaribu yote. Jioni ile nilikaa juu ya kigoda nikiitazama saa dakika 20 nzima kama mtu anayetazama penalti. Ilifika kwenye tisa. Ikapita. Nilipiga kelele, mafundi makochi wakatoka nje wakidhani nimejikata. Na baadaye nilipoitazama kwa utulivu niliona jambo jingine. Kile kilikuwa kitu cha kwanza kizuri nilichowahi kukichonga kwenye saa, na sikuwa nimefikiria uzuri hata dakika moja. Nilikuwa nafikiria uzito.

Tangu hapo nazitazama saa za wakubwa kwa swali moja: hili umbo limetoka wapi?

John Harrison, Mwingereza aliyefariki 1776, anatajwa zaidi kwa saa yake ya baharini iliyowapa manahodha njia ya kujua longitudo. Mimi namfuata zaidi katika miaka ya kabla ya umaarufu, alipokuwa seremala mtoto wa seremala, kijijini Barrow upon Humber, akitengeneza saa kwa mbao, magurudumu yenyewe yakiwa ya mwaloni. Saa zake za 1713, 1715 na 1717 bado zipo. Baadaye, kwenye miaka ya 1720, alitengeneza saa ya mnara ya Brocklesby Park, na kwenye sehemu zinazosuguana akatumia mti uitwao lignum vitae, mzito na wenye mafuta yake ya asili, ili saa isihitaji kupakwa mafuta. Mafuta ya siku zile yalikuwa yakiganda na kubeba uchafu, na saa nyingi zilisimama kwa sababu yake. Ile ya Harrison inatembea hadi sasa. Yule mtu hakuutazama mti akauliza unafanana na nini. Aliuliza unaweza nini. (Sisi tuna mpingo, mzito kiasi cha kuzama majini, ambao huko Ulaya hugeuzwa klarineti. Sijamwona mtu akiujaribu kwenye ekseli ya saa. Nami sijajaribu, nasema tu.)

Harrison ndiye pia aliyebuni kifaa wanachokiita panzi. Kila saa ya kamani au ya uzito inahitaji kitu cha kulizuia gurudumu na kuliachia jino moja baada ya jingine. Bila hicho kamani ingemaliza nguvu zake zote kwa mara moja. Sauti ya tik tak tunayoijua ndiyo kazi ya kifaa hicho. Cha Harrison kilikuwa na miguu inayoliachia jino kwa kuruka badala ya kuburuza, ndipo kikapata jina.

Karibu karne tatu baadaye panzi huyo akawa jitu. Mwezi Septemba 2008, kwenye ukuta wa Chuo cha Corpus Christi, Cambridge, Stephen Hawking alizindua saa iliyobuniwa na John C. Taylor, mvumbuzi aliyetajirika kwa vile vidude vinavyozima birika la umeme maji yakichemka. Ni sahani iliyopakwa dhahabu, upana wa kama mita moja na nusu, haina namba wala akrabu; wakati unaonyeshwa na mwanga wa buluu unaopenya kwenye vipenyo vyake. Juu ya sahani anatembea mdudu wa kutisha, nusu nzige nusu ndoto mbaya, anayefungua taya na kuyafunga, na jina alilopewa maana yake ni mla wakati. Sijasimama mbele yake. Nimeitazama kwenye simu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Nikimpima Taylor kwa swali langu, anafaulu kwa namna inayonitia wivu. Mdudu yule si kinyago kilichopachikwa juu ya saa. Ndiye panzi mwenyewe wa Harrison, ametolewa tumboni mwa saa akawekwa juu ambapo kila mpita njia anamwona akishika jino na kuliachia. Ukimwondoa, hubaki na saa isiyo na pambo. Hubaki na saa. Tatizo langu na kazi ile linaanza pale inapofungua mdomo kuhubiri. Saa hiyo huchelewa na kukimbia kwa makusudi, na hukubaliana na wakati halisi mara moja tu kila dakika tano. Ikifika saa kamili, mnyororo huangukia ndani ya jeneza. Chini yake kuna maneno ya Kilatini kutoka waraka wa kwanza wa Yohana kuhusu dunia kupita. Mdudu, jeneza, na andiko: mahubiri matatu kwenye msiba mmoja. Mdudu peke yake alikuwa ametosha, na nguvu yake inapungua kila anapoongezewa mchungaji wa kumfafanua. Iligharimu paundi milioni moja. Alikuwa huru kufanya alichotaka, hilo sina ubishi; uhuru wa mfuko ule ni wa aina yake.

Ya Maarten Baas nimeisimamia. Ukipanda ndege ya KLM kutoka Dar unapitia Schiphol, Amsterdam, na ndani ya uwanja ule, tangu 2016, inaning'inia saa kubwa ya duara ambayo ndani yake kuna mtu. Nyuma ya kioo chenye ukungu anaonekana bwana mmoja mwenye ovaroli ya buluu. Anachora akrabu ya dakika kwa rangi, anasubiri, anaifuta kwa kitambaa, anachora nyingine mbele kidogo. Kila dakika. Wakati mwingine anarudi nyuma kidogo kutazama kama imenyooka. Nilijua kabla ya kusafiri kwamba ni filamu ya saa 12 inayojirudia, na bado nilimwonea huruma. Mama mmoja pembeni yangu alimpungia mkono.

Baas, Mholanzi, alianza mfululizo huo aliouita Real Time mwaka 2009. Katika moja ya kazi za mwanzo, Sweepers Clock, kamera iko juu na wafagiaji wawili wanasukuma malundo mawili ya takataka kwa ufagio, saa 12 nzima, na malundo hayo ndiyo akrabu. Kwangu hiyo ndiyo bora kuliko ile ya uwanja wa ndege. Ukiwahi kupita Barabara ya Morogoro alfajiri, ukawaona kina mama wenye vizibao vya kung'aa wakisogea na ufagio hatua kwa hatua, utakuwa umeona kitu hicho hicho bila kamera: muda ni mchanga unaosogezwa na mtu, na kesho unarudi. Hakuna namba, hakuna kinyago. Ukiwatoa wafagiaji, wakati hausogei.

Lakini nina neno na Baas pia, na linatoka kwenye tumbo la mtu anayejiajiri. Yule bwana wa ovaroli alichora akrabu ya dakika mara 720 kwa saa 12. Kisha akaenda zake, na saa ikaendelea kumfanyisha kazi usiku na mchana tangu siku ile, bila kuchoka, bila kwenda chooni. Kinachotugusa pale chini ni jasho, na jasho lenyewe limekwisha kukauka. Natamani ningebuni kitu kama hicho, ningelala. Na kwa sababu natamani, sikiamini sana.

Kuna jambo moja zaidi, ambalo pale Schiphol sikuliona. Saa ya Taylor na za Baas zinadai macho. Yangu pia zilidai macho. Sikulifikiria hilo mpaka bibi yangu alipoanza kupoteza yake.

Bibi anakaa Ngamiani, Tanga. Ana presha ya macho, na amepewa dawa ya matone mara mbili kwa siku: saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Zamani kidogo, alipokuwa bado anaona, nilimpelekea saa niliyojivunia sana, saa ya Kiswahili. Nilikuwa nimeihamisha duara yote: sita juu, kumi na mbili chini, moja mahali pa saba. Mtandaoni nilikuwa nimeandika maneno mengi chini ya picha yake, kuhusu kuurudisha wakati wetu mikononi mwetu. Bibi aliitundika, akaitazama, akasema, "Saa tano na nusu, mume wangu. Utakula hapa?"

"Bibi, hujaona namba?"

"Namba gani?"

Alikuwa hajaziona. Tangu ujana wake haisomi saa kwa namba. Anaisoma kwa mahali akrabu zilipo, kama unavyomjua jirani kwa mwendo wake kabla hujauona uso. Ndiyo maana saa ya dada tunaisoma vizuri ingawa asubuhi yake imezama Atlantiki. Aliyechanganyikiwa alikuwa mpwa wangu wa miaka tisa, anayeishi na Bibi na kusoma shule ya Kiingereza. Yeye anasoma namba. Aliitazama saa yangu akatangaza ni saa kumi na moja na nusu. Basi saa niliyoitengeneza kwa ajili ya Waswahili haikumsaidia Mswahili mmoja na ilimpoteza mwingine. Nilikuwa nimebandika wazo kwenye ubao, kama nilivyobandika mashine kwenye mbuyu.

Mwaka jana macho ya Bibi yalibakiza mwanga na kivuli. Nikafikiria saa ya kushika. Si wazo geni: mwishoni mwa karne ya 18, huko Paris, Abraham-Louis Breguet alitengeneza saa za mfukoni za kusomwa kwa vidole. Niliondoa akrabu ya dakika kabisa. Hata saa za mwanzo za Ulaya zilikuwa na akrabu moja, na mtu wa kudondoshewa dawa hahitaji dakika. Nilizungushia ubao vigingi 12 vya mkongo, cha juu nikakifanya kinene ili kidole kianzie hapo. Akrabu nikaichonga kwa mninga, kichwa chenye ncha bapa, na mkia mrefu mwembamba unaofika kwenye vigingi, uliopinda juu mwishoni. Mkia ule niliurefusha ili nitumie risasi kidogo. Hiyo tu ndiyo ilikuwa sababu.

Niliitundika kichwani mwa kitanda chake, kimo cha kifua. Ilikuwa usiku, redio imetoka kupiga saa mbili. Nikamfundisha: anzia kigingi kinene, hesabu kwa kulia mpaka kwenye kichwa.

Akahesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka nane. "Nane. Kumbe saa mbili," akasema. "Mbona unanitembeza?"

Vidole vyake vilikuwa vimepita juu ya kitu njiani, vikarudi. "Na hii ni nini?"

"Mkia, Bibi. Mizani tu, usiujali."

Akarudi kwenye kigingi kinene. Moja. Mbili. Kidole kikagusa pindo la mkia. "Si hii hapa saa mbili?"

Nilikuwa nimeichonga kwa mikono yangu, nimeipima kwenye ncha ya bisibisi mara kadhaa, na sikuwa nimeona. Mkia wa akrabu ya saa daima uko masaa sita kutoka kichwani. Kichwa kinaposema nane, mkia uko kwenye mbili. Saa zote za akrabu zenye mkia, kutoka kiwanda chochote, zimekuwa zikionyesha saa ya Kiswahili kwa nyuma muda wote huu. Mwenye macho haihitaji habari hiyo, maana anasoma mahali. Anayehesabu kwa vidole anaihitaji sana, kwa sababu safari kutoka juu kwenda kwenye mkia ndiyo saa yenyewe, bila kugeuza chochote kichwani. Duara langu la sita juu halikuwa na kazi. Jibu lilikuwa kwenye uzito.

Nisijisifu. Dakika chache baadaye Bibi aliniuliza, bila ubaya, "Adhana naisikia, redio naisikia. Saa ya nini?" Sikuwa na jibu. Nilirudi Dar nikiamini nimetengeneza kitu kizuri cha kuandikia makala. Ni mpwa wangu aliyenieleza baadaye kwenye simu kwamba Bibi akishtuka usiku wa manane, kabla ya adhana na redio ikiwa imezimwa, huinua mkono ukutani, na kwamba yeye akiwa kitandani kwake husikia kucha zikigonga vigingi.

Kuna hitilafu ambayo sijaimaliza. Akrabu imekaa kwenye mrija wa plastiki kwa kubanwa tu, na mkono wa Bibi, hata ukiwa mwepesi, unaisukuma. Niliigundisha kwa gundi. Nguvu ikaenda kwenye meno ya ndani, mashine ikafa. Kwa sasa kila Ijumaa mpwa wangu anaisubiri redio ipige saa mbili, anairudisha mahali pake, halafu ananipigia kunipa hesabu. Kwa kawaida huwa imerudi nyuma kama nusu saa.

Ijumaa iliyopita alisema, "Mjomba, leo imekwenda mbele."

Nilimuuliza kumetokea nini.

"Bibi amegeuza mto. Siku hizi analalia upande wa pili."